Wajina Wangu Ananikagua

Kwetu Embu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo mtoto wa kijana wangu, mwenye miezi 11 na meno manne, ni mimi mwenyewe niliyezaliwa upya. Pale sokoni Kianjokoma watu wananipa mkono wa hongera. Nyumbani, nikiingia tu sebuleni kutoka kwenye majani chai, wajina wangu hunitazama, humtazama mama yake, kisha hupasua kilio kinachosikika hadi msitu wa Irangi. Yaani najililia mwenyewe, na sijafa.

Ningevumilia kama angekuwa anamlilia kila mtu. Lakini karani wa kituo cha majani chai, mtu anayekata kilo kwenye gunia langu eti ni maji ya mvua, huyo anachekewa hadi mate yanachuruzika.

Tatizo la watoto wachanga ni kwamba hawana adabu ya macho. Panda matatu ya kwenda Embu mjini ukae kiti cha nyuma. Mbele yako kuna mama aliyemweka mtoto begani, kofia ya mavini imemshuka hadi kwenye nyusi, na chini ya mavini macho mawili yasiyopepesa. Ukitazama dirishani, yapo. Ukijifanya umelala kisha ufungue jicho moja, yapo. Ukimtabasamia kwa heshima zako, anakufikiria kwanza kama afisa wa mkopo, ndipo kidevu kinaanza kutetemeka, na mama anageuka kukutazama kana kwamba umemfinya.

Nilipochoka nikaanza kusoma. Kumbe wameumbwa hivyo. Mwaka 2002 Teresa Farroni na wenzake waliwaonyesha watoto wa siku 2 hadi 5 nyuso mbili, moja ikiwatazama na nyingine ikitazama kando. Wakakazia ile inayowatazama. Siku mbili! Mtu hajui mchana wala usiku, titi lenyewe bado anapapasa, lakini nani anamwangalia, hilo analijua.

Halafu kuna Edward Tronick wa Marekani, aliyechapisha jaribio lake mwaka 1978. Mama anacheza na mtoto, kisha anaambiwa aukaushe uso: asicheke, asinune, asiseme neno. Mtoto humrushia tabasamu, humpungia mikono, huinama amchungulie, na akishindwa hugeuka kando amekata tamaa. Sasa mimi nimefundisha hesabu darasa la nane hadi nikastaafu, na uso huo wa jaribio ndio uliokuwa uso wangu wa kazi. Watu wamekuwa mainjinia kwa sababu ya uso huo. Siku ya kustaafu nilirudisha vitabu, chaki na funguo za kabati. Uso hakuna aliyeuulizia.

"Si umchekee mtoto," shosho wake akaniambia. Nikamchekea. Akalia zaidi. Shosho akasema hicho si kicheko, hayo ni meno.

Basi nikaamua kutomtazama kabisa, na si kwamba sina ushahidi. Miaka ya 1970 Robert LeVine wa Harvard na wenzake walikaa Kisii wakichunguza malezi. Waliona mama wa Kigusii anamnyonyesha mtoto, anambeba, anamtuliza upesi akilia, lakini mambo ya kukodoleana macho na kubembelezana uso kwa uso hana. Mtoto akichangamka kupita kiasi, mama anaangalia kando ili atulie. Nikasema hii ndiyo dini yangu. Nikawa naingia nikiitazama kalenda ya ukutani. Wajina wangu akatambaa, akashika goti langu, akasimama, akanikagua kutoka chini hadi puani.

Kijana wangu akapiga simu kutoka Nairobi, amesikia. Akaniambia hata hapa Embu watoto walichunguzwa miaka ya 1980, na Marian Sigman na wenzake wakaandika mwaka 1988 kwamba waliosemeshwa sana nyumbani, na kujibiwa walipoanza vijimaneno vyao, ndio waliofanya vizuri kwenye majaribio. Sasa nimfuate nani? Siwezi kuiasi kaunti yangu.

Ufumbuzi niliupata kwenye meza ya kioo. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa miezi 12 juu ya meza ambayo katikati, chini ya kioo, panaonekana shimo. Mama yuko ng'ambo ya pili. Mama alipoonyesha furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Mtoto akiwa na shaka, anausoma uso wa mama ndipo aamue.

Nikavua miwani. Kumbe kilio kile si maoni ya wajina wangu!

Kuanzia hapo nikaachana na mtoto, nikamchunguza mkamwana. Ni msichana wa heshima. "Karibu Baba, chai iko tayari," sauti tamu kabisa. Lakini kabla ya sauti, macho yanashuka kwenye gambuti zangu na tope lake jekundu la Julai, yanahamia kwenye sakafu aliyoipiga deki sasa hivi, nyusi zinakutana, mdomo unabana. Kufumba na kufumbua, tabasamu limerudi. Mimi sikuwahi kuliona jambo hilo. Mtoto hajawahi kulikosa.

"Mama," nikamwambia, "mtoto ananiogopa kwa ajili ya uso wako."

"Uso wangu, Baba? Mbona ni wa kawaida tu?"

Nikamwambia nitatoka niingie tena, naye aufanye huo wa kawaida. Nikatoka, nikaingia. Mkamwana, kwa kuogopa kukosea, akaukausha uso wote. Wajina wangu akamtabasamia, akampungia, akainama kumchungulia. Wapi. Akanigeukia mimi, akakuta uso ni uleule. Akalia kwa sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia, akatambaa mbio kwa shosho.

Shosho akamwinua, akatuambia tutoke nje sote wawili na nyuso zetu. Mkamwana alitoka na ndoo ya deki. Mimi nilibaki mlangoni nikivua gambuti, na isidhaniwe nilizivua kwa sababu ya mtu yeyote. Ya kulia ilikuwa inanibana.