Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mgawa Maji wa Jiji

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua nimekuzidi umri, lakini cheo nacho kina miaka yake. Sisi wa Kinole, mashariki ya milima ya Uluguru, hatujambo, ila tumeshtuka kusikia kwamba kiu ya Dar es Salaam tumeileta sisi. Tulidhani shughuli yetu ni karafuu na ndizi.

Agizo la kukaa mita 60 mbali na kila chanzo cha maji tumelipata. Sheria ya Mazingira ya 2004 ni nzuri. Tatizo iliandikiwa mezani, na meza ni tambarare. Huku kila bonde lina kijito chake. Ukipima 60 toka kijito cha kulia, mpaka unapita katikati ya kitanda changu: mke wangu analala kihalali, mimi ni mvamizi. Nimekubali kosa. Naomba tu kujua faini inatozwa kwa usiku au kwa saa.

Mtaalamu wenu alitufundisha vizuri. Msitu wa juu hukamata ukungu, udongo hunywa mvua ya masika na kuiachia polepole, ndiyo maana Mto Ruvu, mnaounywa ninyi, huvuka kiangazi. Miti ikifyekwa, maji hushuka yote kwa pamoja, mekundu, yamebeba shamba zima. Kweli tupu. Mkoloni naye aliwaamuru babu zetu wachimbe matuta ili udongo usishuke, wakagoma mwaka 1955 hadi risasi zikalia. Ninyi mmestaarabika: mnaleta semina, na soda.

Kinachonishinda ni hesabu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imejengwa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, na mjini kila tone linalopita kwenye dira lina bei. Lilipotoka kwangu halikuwa nayo. Nikiacha nusu ekari iwe msitu ili ninyi muoge, napewa cheti cha ushiriki.

Bwawa la Kidunda tunalisifu pia. Mkataba wa kulijenga kwenye Ruvu ulisainiwa Novemba 2022, mabomba ya jiji yakipuliza upepo, na litatunza mita za ujazo milioni 190. Ila bwawa halizai maji, Mheshimiwa, na udongo wa shambani kwangu utahamia humo bila kibali.

Ombi letu ni dogo: tufungiwe dira hapa mlimani, bili ije kwenu kila mwisho wa mwezi. Mkichelewa kulipa tutafuata utaratibu wenu wenyewe. Tutakata.

Wako mtiifu,
Mkulima wa Kinole

Nakala: Mto Ruvu, kwa utekelezaji.