Usiguse Aparato

Wahispania wana neno moja wanalolitwisha mizigo yote ya nyumba: aparato. Redio ni aparato, kipima presha ni aparato, vyuma vya kunyooshea meno ni aparato. Aliyezaliwa nalo hana taabu. Mgeni aliyepanga chumba ndiye anayekiona cha mtema kuni.

Mama mwenye nyumba wangu wa Madrid alikwenda kwao kijijini, akaniachia karatasi mezani chini ya chupa ya siki: "No tocar el aparato." Usiguse aparato. Ipi sasa, mama? Jikoni pale palikuwa na friji, oveni, mashine ya kufulia na hita ya maji inayonguruma usiku kucha. Nikampigia simu. Akapokea kama wapokeavyo wazee wa kule: "¿Quién está al aparato?" Nani yuko kwenye aparato? Kumbe na simu nayo imo! Kabla sijajieleza, salio likaisha. Februari ile nilioga maji ya baridi.

Usiku wa siku ile ya simu, mtangazaji wa hali ya hewa akaonya kuwa inakuja mvua "con aparato eléctrico". Binamu yangu wa Tanga, aliyekuja kunitembelea, alijua "eléctrico" ni umeme. Akachomoa friji chapuchapu. Maskini, ilikuwa radi tu. Kesho yake samaki ananuka, na binamu, mtu asiyependa kutupa chakula, akamkaanga kwa limau nyingi.

Tumbo lilipochachamaa tukaenda hospitali. Muuguzi akatuonyesha mlango wenye kibao "Aparato Digestivo". Binamu akagoma katakata: haingizwi kwenye mtambo wowote. Ikabidi daktari atoke mwenyewe, ajipapase tumbo kumwonyesha kuwa aparato hiyo anayo tayari, tena kazaliwa nayo.

Mama mwenye nyumba aliporudi alisema alikuwa akikusudia redio ya sebuleni. Ya marehemu mumewe.

Nilitaka kuwacheka Wahispania, lakini sisi tuna chombo. Tunaosha vyombo, tunasafiri na chombo baharini, tunasikiliza vyombo vya habari, na ukikorofisha unakamatwa na vyombo vya dola, ambavyo Mhispania naye, kwa ujumla wavyo, huviita aparato del Estado. Kwa hiyo ukipata mpangaji Mhispania, ukimwambia aoshe vyombo, mwonyeshe sahani kwa kidole.