Mlango Uliobaki Rangi

Shemeji yangu alikuja Kibaha kutusalimia, akaegemea fremu ya mlango wa sebuleni huku akisimulia mahari ya binti yake. Bega likazama. Fremu haikuvunjika, ilimmeza. Nje vanishi inang'aa, ndani hakuna mbao, ni udongo mkavu na wadudu weupe wanaokimbia mwanga. Mke wangu akasema, "Pole, kaka," kisha akanigeukia: "Baba Neema, ndiyo mninga wako huo?"

Fundi aliniapia kuwa ni mninga. Kumbe ni paini iliyopakwa rangi ikapakika. Mchwa hawadanganyiki: kiini chekundu cha mninga hukikwepa, paini huifakamia kama ubwabwa wa msibani. Ndio wakaguzi pekee wa mbao ninaowajua wasiopokea kitu kidogo.

Habari zikaenea, mtaa mzima ukawa na wataalamu. Mzee wa nyumba ya pili akaleta oili chafu. Bibi mmoja akashauri majivu. Kijana wa bodaboda akapendekeza petroli. Tulimshukuru, tukaficha kiberiti. Mwingine akasema dawa ni kumtoa malkia, basi tukachimba kichuguu kilicho nyuma ya choo mpaka shimo likafika kiunoni. Malkia hatukumwona. Tuliloliona ni bomba la maji la jirani, linavuja taratibu. Kumbe wageni wangu wanakula kwangu, wanakunywa kwake!

Na kwa kweli mlangoni hawaishi, wanakuja kazini tu. Kwao ni ardhini, penye unyevu. Hupanda ukutani ndani ya vijia vya udongo kwa kuwa miili yao hukauka upesi hewani. Bomoa kijia leo, kesho kimejengwa upya, tena bila kudai malipo ya awali. Wale wa vichuguu vikubwa hata hawali mbao wakamaliza. Huzipeleka chini kuotesha kuvu, na kuvu hiyo ndiyo inayotoa uyoga tunaookota mvua zikianza. Kwa hiyo ule uyoga wa nazi tuliousifia sana mezani, huenda sehemu yake ilikuwa fremu yangu.

Wazee bado wanaililia dawa ya dieldrin, iliyowekwa kwenye orodha ya sumu za kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2001 kwa sababu haikuwa na macho ya kuchagua kati ya mchwa na mwenye nyumba. Siku hizi zipo dawa kama fipronili: mchwa hapati harufu yake, anapita juu yake, anaibeba mpaka kwa wenzake. Ujanja huo nimeupenda.

Wewe unayejenga, nyunyizia kifusi dawa kabla zege halijamwagwa; ukichelewa utachimba kuzunguka msingi na gharama itapanda. Kuni usiziegemeze ukutani. Na ukiuziwa mninga, ukwangue kwanza mbele ya muuzaji.