Hodi, Nesi, Umelala?

Hapa Shirimatunda hakuna anayebisha kwamba nesi anakesha. Kinachobishiwa ni kwamba analala. Jirani atakuona jioni ukiondoka na begi, atakuona asubuhi ukirudi huku unaburuza miguu, atakupa pole ya kazi kwa moyo mweupe kabisa, kisha saa nne atakugongea kuuliza kama una kiberiti.

Nilipomaliza stashahada yangu, miaka 3 ya chuo, nikafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na leseni nikaishika mkononi, niliamini mitihani imekwisha. Nikapanga chumba huku pembezoni mwa mji wa Moshi, mahali ambapo migomba bado inabanana na nyumba za kupangisha, na ng'ombe wa mwenye nyumba analala jirani na dirisha la mpangaji. Kodi inalipika, maji yanatoka, majirani wana utu. Huo utu ndio ulionimaliza.

Kwanza nieleze rosta, maana bila rosta hakuna kisa. Rosta hubandikwa ofisini kwa inchaji, imeandikwa kwa penseli ili ifutike, na mgeni kazini hujikuta pale ambapo wenyeji hawataki kujikuta. Desemba ndiyo yenyewe. Wachaga wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kila kona walikokwenda kutafuta, barabara za kupanda mlimani zinajaa magari, mbuzi wanajua kinachowasubiri. Kila nesi anaomba Krismasi. Mgeni hana mume, hana mtoto, hana mama mkwe: kwa hesabu za rosta, huyo hana Krismasi. Nyama yangu ililetwa wodini kwenye hotipoti, na kisusio kilifika kimeshaganda.

Usiku wenyewe una raha zake, nisiseme uongo. Wodi ya wazazi saa kumi na moja alfajiri inanukia mtori, kwa sababu ndugu wa mzazi wa Kichaga hawaji mikono mitupu. Wanakuja na chupa za chai zilizojaa mtori, na bibi mmoja mwenye roho nzuri atakumiminia kikombe akisema hata wewe umezalisha, lazima urudishiwe nguvu. Halafu unakaa kuandika ripoti, unakabidhi, unatoka nje. Mlima uko wazi, theluji inawaka. Ikifika saa nne utakuwa umejifunika wingu, hauonekani tena mpaka jioni. Kusema kweli hakuna mwenye zamu nzuri Moshi nzima kama Kilimanjaro. Watalii wamelipa dola kuja kuuona, na bado hakuna anayethubutu kuugongea hodi.

Mimi nagongewa. Na sheria nimeisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi hapo katikati. Inataja pia mapumziko ya kila siku ya saa 12 mfululizo. Yote mazuri. Ila hakuna kifungu kinachomfunga jirani, wala jogoo wa jirani, wala yule mwenye kipaza sauti anayepita kila asubuhi akitafuta betri mbovu, friji mbovu na chuma chakavu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya usafi. Wauguzi tunafundishwa tusivae sare barabarani, tusije tukabeba vijidudu vya wodini kuvipandisha daladala, au vya daladala kuviingiza wodini. Sare inakaa kwenye begi. Sasa tazama kwa macho ya mtaa: msichana mgeni, anaishi peke yake, anatoka saa moja jioni amependeza, anarudi saa tatu asubuhi kwa bodaboda, macho mekundu, anashusha pazia, analala. Mama mwenye nyumba alivumilia akashindwa. Akaniita jikoni kwake, akanimiminia chai ya maziwa, akaisogeza sukari karibu yangu, kisha akasema kwa upole wa kutisha: "Mwanangu, siulizi ili nikuhukumu. Hiyo ni baa gani inayofungwa asubuhi?"

Siku hiyo hiyo nilifua sare nikaianika kwenye kamba ya mbele, pale inapoonekana kutoka barabarani, nyeupe pe. Heshima yangu ilirudi kabla sare haijakauka. Lakini nyuma ya heshima ilikuja foleni.

Babu wa nyumba ya pili alitaka kupimwa presha, na akishapimwa hutaka kupimwa tena, kwa kuwa ile ya kwanza haikumpendeza. Mama mmoja alileta vidonge vya rangi mbalimbali kwenye kifuko cha sukari, nimwambie kipi ni cha mgongo. Kijana wa bodaboda alileta jino, yaani alileta mdomo wenye jino. Na siku ambayo sitaisahau, alikuja dada mmoja na tenga, ndani ya tenga kuku tetea, shingo imempinda, anaangalia dari.

"Sista, huyu tangu jana yuko hivi. Mchome hata moja."

Nikamweleza kuwa huo unaonekana ni mdondo, kwamba mdondo hauna dawa bali una chanjo, ile ya tone la jichoni inayorudiwa kila baada ya miezi 3, na kwamba mimi nimesomea binadamu. Akanitazama kwa masikitiko, kama wanavyotazamwa wasomi wanaojifanya hawawezi.

"Kwani sindano si sindano tu?"

Sikatai kwamba wananilipa. Parachichi, mayai, mkungu wa ndizi umeegemezwa mlangoni bila jina, na "aika mae" za kutosha. Kwa chakula sina shida. Nimenenepa, na sijalala.

Nikaandika karatasi, nikaibandika mlangoni: NIMETOKA ZAMU YA USIKU, NIMELALA. Ilifanya kazi kwa namna yake. Watu waliacha kugonga kwa ajili ya kiberiti, wakaanza kugonga kwa ajili ya karatasi. "Hodi, nesi! Umelala?" Swali hilo halina jibu sahihi. Ukiitika, basi hujalala, fungua. Ukinyamaza, wanaongeza nguvu, wapate uhakika kwamba hujafa.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza saa ya ndani ya mwili inavyokwenda, ile inayotuambia sasa lala, sasa amka. Waliichunguza kwa nzi wadogo, hawa hawa wanaozengea ndizi mbivu. Kumbe hata nzi ana zamu zake. Na chuoni tulishika mishumaa tukaapa kiapo chenye jina la Florence Nightingale, ingawa yeye hakukiandika. Kilitungwa Detroit mwaka 1893, naye wakati huo akiwa bado hai kule Uingereza. Kiapo kinataja uaminifu, kinataja siri za mgonjwa. Usingizi hakikuutaja. Sote tunajua habari za taa yake usiku katika vita vya Crimea. Ningependa mtu aniambie mchana nani alikuwa anamgongea.

Ushauri wa kufuli nilipewa na mwenzangu niliyemaliza naye chuo, ambaye naye siku moja alisinzia kwenye daladala akaamshwa Himo. Mlango ukifungwa kwa kufuli nje, alisema, mtaa mzima utajua hupo. Unaingia, mtu anakufungia kwa nje, jioni anakufungulia. Nikamwajiri mjukuu wa mwenye nyumba, kijana wa darasa la nne, kwa mshahara wa biskuti. Na kweli, nililala. Nililala usingizi wa watoto wachanga na wenye nyumba.

Hadi Jumamosi moja nilipoamka saa kumi na moja jioni kukawa kimya. Hakuna jogoo, hakuna kipaza sauti, hakuna hodi. Nyumba nzima ilikuwa imekwenda harusini Kibosho. Mjukuu alikwenda na kaptura mpya, na ndani ya kaptura mpya kulikuwa na mkufu wa funguo, ule wa kawaida na ule wa akiba. Nikapiga simu ya bibi yake. Ikapokelewa na matarumbeta. Nikapiga tena, matarumbeta, vigelegele, na mtu mmoja akisema ndafu anaingia, kisha simu ikakatwa. Dirisha lina nondo. Nikaita "hodi" kutoka ndani, jambo ambalo sidhani kama mila yoyote imelifikiria. Majirani waliokuwa wakinigongea kila siku, hata mmoja hakuwepo.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda, yule wa jino. Nilimpigia, akaja na fundi wa kuchomelea mageti wa nyuma ya nyumba yetu, mtu ambaye grenda yake nilikuwa nimeilaani kila asubuhi kwa maneno yasiyofaa kuandikwa. Akaiwasha. Cheche zikaruka, kufuli likaanguka, na mlio ule ulikuwa mtamu kuliko kwaya.

"Sista," akasema akifuta jasho, "kumbe huwa upo? Mimi nikiona kufuli najua umesafiri, ndiyo maana naanza kazi mapema."

Nikamweleza habari za zamu, usingizi na kelele. Alisikitika kweli. "Ungesema mapema! Kuanzia sasa kila asubuhi nitakuja kwanza kukuuliza kama umelala, ndipo niwashe."

Nilifika kazini ripoti imeshaanza. Nililetewa nyama ya harusi asubuhi iliyofuata, saa nne kamili, kwa hodi tatu.

Kwa hiyo msomaji, kama jirani yako ni nesi na pazia limeshushwa saa tano asubuhi, subiri jioni. Ukiona presha haisubiri, nenda kituo cha afya. Kuna mwenzetu yuko zamu, tena yuko macho na analipwa. Na kuku umpeleke kwa bwana mifugo.