Mwongozo wa Kumtumikia Bwana Nundu

Kwanza tuelewane: samaki aitwaye frontosa hafugwi. Anahamia kwako, na wewe unapata kazi ya kudumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu hata mwaka wa kumi hashiki jembe. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15, hata 20. Mtoto uliyempakata siku ya kumleta samaki atamaliza shule, naye Bwana Nundu atakuwa palepale nyuma ya kioo akikutazama kama umechelewa. Kama moyo wako hauko tayari kwa hilo, nunua kasuku wa picha.

Ukoo wake ni uleule wa sato na perege, ila kwao ni Ziwa Tanganyika tu. Dagaa na migebuka wakihangaika katikati ya maji, yeye hutulia kwenye miamba, aghalabu kuanzia mita 10 kwenda chini. Mtaalamu wa samaki Boulenger alimwingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1906, na jina frontosa linatokana na paji la uso. Ndilo hasa: dume akikomaa hupita sentimita 30, na paji linavimba nundu kama ya fahali, ila imehamia kichwani. Wa upande wa Burundi wana mistari sita myeusi, wa Kigoma saba. Mimi ni mtu wa saba.

Sasa tangi. Dukani utaonyeshwa kisamaki cha sentimita nane ndani ya kisanduku cha lita 60, na utaambiwa kinatosha. Aga kwa heshima, uondoke. Dume mmoja na majike wanne au watano wanataka lita 500 kwa uchache, na urefu usiopungua mita moja na nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Umeingiza nusu tani sebuleni kabla ya kuhesabu vioo na mawe. Unakaa ghorofani? Mwite fundi aione sakafu, kisha kamwambie mwenye nyumba mapema, tena mchana, akiwa ameshakula. Meza ya televisheni tusiitaje kabisa.

Maji ya Tanganyika ni magumu na yana alkali, pH ya 8.5 hadi 9. Mchanga na mawe ya chokaa husaidia kuyashikilia hapo. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Maji ya bomba yaondolee klorini kwanza.

Hapa sasa ndipo wengi wanapoua samaki kwa haraka. Wewe panga mawe, jaza maji, washa chujio, halafu usitie samaki. Tupia chembe za chakula zioze humo, kwa sababu unafuga bakteria. Kuna wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo utaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Jeshi hilo huchukua wiki nne hadi sita kujipanga. Majirani watakuja kuona samaki wakute mawe. Wakaribishe, wape chai, waoneshe mawe. Nimewahi kufanya hivyo mwezi mzima, na hakuna samaki wangu hata mmoja aliyekufa kwa sumu ya maji mapya.

Chakula chake ni kamba, vipande vya samaki na vidonge vizuri vya dukani. Nyama ya ng'ombe usimpe hata akikuomba kwa macho. Mafuta ya mnyama wa nchi kavu hayamfai tumboni. Samaki mdogo usimweke naye pia, maana ziwani huwavizia wadogo alfajiri wakiwa bado wamezubaa. Usigonge kioo. Usiwashe taa ghafla usiku. Atarukia mawe kwa hofu.

Umeme ukikatika, uwe na pampu ya hewa ya betri. Usiku mmoja yangu iligoma, nikakaa mpaka usiku wa manane kupita, nikichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili hewa iingie. Mkono uliuma siku mbili. Ningefanya tena leo.

Kuhusu kuzaa, kazi yako ni kungoja. Dume huchukua miaka mitatu au zaidi kukomaa, na hakuna dawa ya kumharakisha. Siku ikifika, hakuna vurugu: jike hutaga mayai makubwa, machache, makumi tu, akayaokota na kuyaatamia mdomoni. Utamjua kwa kidevu kilichotuna. Atayabeba wiki nne hadi sita. Wako wanaomfumbua mdomo mapema ili wayatoe. Mimi siwaungi mkono. Mwaka 1991 watafiti Yanagisawa na Ochi walieleza kwamba ziwani mama huendelea kumeza chakula, na kile anachoingiza huwalisha pia wanawe mlemle mdomoni. Mama anayefanya hivyo hahitaji mkunga mwenye haraka.

Siku za mwisho mhamishie taratibu kwenye tangi la pembeni, gizani, kwa sababu wakubwa huwala wadogo. Usimweke huko muda mrefu, asije akarudi akakuta nafasi yake kundini imechukuliwa. Kisha kaa sakafuni na ungoje. Atafungua mdomo, na watatoka mmoja mmoja, kila mmoja zaidi kidogo ya sentimita mbili, wamevaa mistari tayari. Sogeza uso karibu na kioo, uhesabu: saba.