Namna ya Kununua Kipara kwa Bei Nafuu

Watu wengi hulipa ili waondokane na tairi kipara. Wewe unataka kulipa ili ulipate. Gari lako moja linatakiwa kufanya kazi mbili: Jumatatu hadi Ijumaa likupeleke ofisini, Jumamosi likupeleke uwanjani ukashindane na saa. Kwa hiyo unatafuta semisliki, tairi linalotoka kiwandani likiwa kama limeshatumika nusu, na unalitaka kwa bei ya kawaida. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukizimaliza zote, hutabaki na fedha za kukosea mara ya pili.

Hatua ya 1: Jua unachonunua, maana utaulizwa

Tairi la mbio halisi, yaani sliki, halina mfereji hata mmoja, na si kwa uzembe wa kiwanda. Juu ya lami kavu, mfereji ni mahali ambapo mpira haugusi barabara, na pasipogusa hapashiki. Tena kashata ndogondogo za tairi la kawaida huyumba gari linapokata kona kwa kasi, na huko kuyumba huzaa joto linalozimeng'enya. Sliki limeyamaliza matatizo hayo yote na kubakiwa na moja: mvua ikinyesha, maji hayana pa kupitia, na gari huelea. Ndiyo maana haliruhusiwi barabarani.

Semisliki ni muafaka wa kisiasa kati ya dereva wa mbio na mwanasheria. Lina kashata chache, kubwa na ngumu kuyumba, pamoja na mifereji ya kutosha kupata muhuri. Mahitaji yake yanaonekana vizuri Ujerumani, kwenye Nordschleife ya Nürburgring, njia ya kilomita 20.8 iliyofunguliwa mwaka 1927. Siku za wageni, yeyote mwenye gari halali la barabarani hulipa ada na kuingia. Mtu huyo anahitaji tairi litakalomfikisha, limkimbize, kisha limrudishe nyumbani bila kukamatwa. Wakenya nao walipoanza kushindana na saa kwenye mlima wa upande wa Limuru wakayaita mashindano yao Kiamburing, na ugonjwa ukawa umevuka bahari rasmi.

Tafuta muhuri ubavuni mwa tairi: herufi E ndani ya duara kwa matairi yaliyoidhinishwa Ulaya, au herufi DOT kwa yale ya Marekani. Uukariri ulipo, kwa sababu siku moja utauonyesha kando ya barabara.

"Afande, hili ni jipya kabisa."

"Jipya? Likizeeka litakuwaje?"

Usijibu swali hilo. Jibu lake liko kwenye hatua ya 4, na halitakusaidia.

Hatua ya 2: Iamini namba ya ubavuni

Matairi mengi yanayouzwa Marekani yameandikwa TREADWEAR, kisha namba. Namba hiyo ina asili ya kisayansi. Magari huenda kwa msafara kwenye barabara za umma karibu na San Angelo, Texas, jumla ya kilomita zipatazo 11,500, halafu uchakavu wa tairi linalopimwa hulinganishwa na wa tairi la kipimo lililopewa 100. Lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya lile la kipimo. Matuta ya mtaani kwenu hayamo katika hesabu hiyo.

Uzuri wa mfumo huu ni kwamba namba ya mwisho huandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Aliyefanya mtihani ndiye aliyesahihisha. Baadaye mashindano mengi ya ridhaa huko Marekani yakaweka sharti kwamba tairi lisipungue 200, na viwanda vikagundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba matairi yao yenye kushika kuliko yote yana 200 kamili.

Ndiyo sababu Yokohama A052 na Hankook Ventus RS4 yanabeba namba moja. La kwanza hushika vizuri mno na huisha upesi mno. La pili hushika kiasi na hudumu kiasi kwamba mwenyewe huanza kulichoka. Toyo R888R lina 100, na kwa hesabu ya Texas lingepaswa kuisha haraka maradufu kuliko A052. Waulize waliovaa yote mawili, kisha uketi uwasikilize, maana maelezo huwa marefu.

Namba ina faida moja ya kweli: itakuambia kiwanda kinataka uamini nini.

Hatua ya 3: Chagua taifa, kisha upunguze inchi

Ukitaka heshima, kuna Michelin Pilot Sport Cup 2, tairi ambalo watengenezaji wa magari ya kifahari hulifunga tangu kiwandani. Uliza bei yake ukiwa umekaa. Ukishapona, geukia mashariki: Nankang AR-1 kutoka Taiwan, ambalo Waingereza wa magari madogo wanalipenda sana, au Accelera 651 Sport kutoka Indonesia. Hayo si matairi ya kuchekwa. Kwenye lami kavu, yakishapata moto, yatafanya mambo ambayo mkono wako bado hauwezi kuyafuata.

Sasa siri ambayo muuzaji wa rimu hatakuambia: njia rahisi ya kupunguza bei ya tairi ni kupunguza inchi za rimu. Subaru Impreza WRX STI ya miaka ya mwanzo ya 2000 huvaa 225/45R17, ukubwa unaotengenezwa na karibu kila kiwanda. Ukipanda inchi 18 ili gari lipendeze kwenye picha, utalipa zaidi kwa kila tairi, kila mara, maisha yako yote. Lakini usishuke kwa pupa pia. Kalipa kubwa za Brembo za gari hilo hazitaingia ndani ya rimu ya inchi 15, hata fundi akikuahidi kwamba atazisaga kidogo. Hasa akikuahidi hivyo.

Malizia kwa kusoma namba za mzigo na kasi. 94W maana yake tairi linabeba hadi kilo 670 na limeidhinishwa kwa kilomita 270 kwa saa, taarifa ya muhimu sana kwa mtu anayekaa saa mbili kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa. Mzigo ndio usiofanyiwa mzaha: usishuke chini ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Hatua ya 4: Nunua la mtumba, ukiwa na moyo mgumu

Muuzaji atakuambia limetumika kidogo tu. Ni kweli. Kila semisliki hutumika kidogo tu, kisha huisha.

Anza na tarehe. Mwisho wa mstari wa DOT kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na linastahili makumbusho. Mpira hukauka hata ukiwa umelala ghalani, na mpira laini wa semisliki ndio wenye cha kupoteza zaidi.

Kisha pima kashata. Tairi la kawaida huanza na kina cha milimita 8 hivi. Semisliki jipya mara nyingi huwa na 5 au 6. Sheria ya Ulaya inataka 1.6 kwa uchache. Piga hesabu uone umebakiwa na milimita ngapi za kufurahia, halafu utoe zile zitakazoliwa na safari za kwenda dukani kununua maziwa.

Kitu ambacho huwezi kukipima kwa rula ni idadi ya mara tairi lilipochemka na kupoa. Kila likipata moto mkali uwanjani kisha likapoa, mpira wake huzidi kuwa mgumu. Kwa hiyo unaweza kukutana na tairi lenye kashata za kuvutia ambalo halishiki chochote. Libonyeze kwa ukucha: likikataa kubonyea, mwachie aliyelileta.

Hatua ya 5: Panga hali ya hewa

Semisliki hufanya kazi vizuri likiwa na joto la nyuzi 70 na kuendelea. Asubuhi ya Julai huko Limuru, ukungu umeshuka juu ya mashamba ya chai, wewe na tairi lako mtakuwa mbali sana na joto hilo. Kona ya kwanza ndipo utakapofahamu kwamba tairi la kasi likiwa baridi hushika vibaya kuliko tairi la kawaida la jirani yako. Nenda polepole mzunguko wa kwanza wote. Mwenda pole hajikwai, ingawa pia hawekwi kwenye orodha ya washindi.

Kuhusu mvua, mpango ni rahisi: isinyeshe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vaa matairi mengine. Kwenye maji yaliyotuama mifereji michache haiwezi kumeza yote, na gari huanza kuelea kwa kasi ambayo Probox ya mizigo inapita bila wasiwasi huku dereva wake akiongea na simu.

Hali ya barabara nayo ina lake. Mpira laini ukipata moto huokota kila kitu: kokoto, vipande vya waya, misumari. Kokoto zitagonga ndani ya bodi hadi nyumbani, nawe utadhani injini imekufa. Misumari itakupeleka kwa fundi wa pancha, ambaye atalizungusha gurudumu mara mbili, akutazame kwa huruma, aseme: "Mkubwa, hili siwezi kuziba, limeisha." Mwambie ni jipya. Ataziba, lakini hatakuheshimu tena.

Hatua ya 6: Upepo, kitu pekee cha bure

Hapa niache utani kidogo, kwa sababu hapa ndipo sekunde zinapopatikana na hakuna anayetaka kuzitafuta. Upepo hupanda tairi likipata moto, takriban PSI moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto. Ukijaza 34 asubuhi kama kituo cha mafuta kilivyokuzoesha, baada ya mizunguko michache utasoma zaidi ya 40. Tairi litakuwa limevimba katikati, mabega yake hayagusi ipasavyo, na wewe utakuwa unalaumu Taiwan.

Anza chini, 27 au 28 kwa gari dogo la wastani. Ukitoka uwanjani, pima hapohapo kabla halijapoa, upunguze magurudumu yote manne hadi yakae karibu na kiwango unachokitaka yakiwa ya moto. Wengi huanzia 33 au 34, kisha hurekebisha kwa kuangalia mpira umelika wapi. Ukilika zaidi mabegani, ongeza. Ukilika katikati, punguza. Na kabla ya kurudi nyumbani, jaza tena, kwa sababu tairi likipoa utabakiwa na upepo mdogo kuliko gari linavyotakiwa kubeba. Kipimo kizuri cha upepo hakifiki hata robo ya bei ya tairi moja, na ndiyo maana hakuna anayejivunia kukinunua.

Hatua ya 7: Piga hesabu, kisha ufiche karatasi

Tuseme semisliki la bei nafuu ni nusu ya bei ya lile la heshima, lakini linadumu siku moja ya uwanjani mahali ambapo lile lingedumu tatu. Kwa kila siku umelipa mara moja na nusu ya gharama ya lile la heshima, na bado hujamlipa fundi wa kuvua, kuvalisha na kubalansi kila mara. Bei ya dukani haikuambii chochote mpaka uigawanye kwa siku. Na kama tairi hilohilo ndilo linalokupeleka kazini, siku zenyewe zinaliwa kwenye foleni, mahali pasipo na kona wala saa.

Hivyo utahitaji seti ya pili ya rimu, ili vipara vikae nyumbani hadi Jumamosi. Rimu zitahitaji jeki nzuri na spana ya kupimia mkazo wa nati. Kushika vizuri kutakufanya ufunge breki ukiwa umechelewa, na breki zitachemka hadi pedali izame, ndipo utakapojua ulipaswa kuanza na pedi za kuhimili joto na mafuta mapya ya breki. Shokomzoba zilizochoka nazo zitajitokeza, maana tairi bora halifichi ugonjwa wa gari, linauzidishia mzigo. Na bila alaimenti sahihi, ukingo mmoja wa tairi utaisha huku ule wa pili bado una lebo.

Mtu wa busara angefanya kinyume: breki, alaimenti na upepo kwanza, tairi zuri la kawaida la michezo juu yake, kisha msimu mzima wa kujifunza. Tairi la kawaida hulia kabla ya kuteleza, na kilio hicho humfunza dereva. Semisliki hunyamaza, hushika, hunyamaza, kisha huachia. Lakini mtu wa busara hakusoma mwongozo huu hadi hapa.

Hatua ya 8: Tangaza matokeo

Muda wako ukipungua, sema ni mkono. Ukiongezeka, laumu upepo, kwa kuwa hakuna atakayekuja kuutetea. Na ukipitwa na kijana wa Vitz yenye matairi ya kawaida, usimwendee na maelezo. Mwendee na swali, umuulize ametumia pedi gani za breki, kisha uzinunue kabla hujafikiria seti ya pili ya vipara.