Goti Lilisingiziwa

Saa nane usiku nyumba nzima imelala, isipokuwa mimi, goti langu la kulia na mbu mmoja aliyeingia kwenye chandarua bila kupiga hodi. Mchana goti hili halina neno: linapanda daladala, linashuka, linapanga foleni benki. Usiku likigusa godoro tu, linadai kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Maumivu yanaanzia nyongani, yanateremka pembeni mwa paja, yanapiga kambi gotini.

Kosa langu ni kuwaambia watu. Mtaani kwetu ukitaja ugonjwa, kila mtu daktari. Jirani wa mlango wa pili akasema ni feni, upepo umeingia mifupani. Nikazima feni. Dar es Salaam hii, mwezi wa pili! Goti likauma vilevile, shuka likalowa jasho.

Shoga yangu wa saluni akasema ni jongo, niache nyama. Nyama ipi? Kwangu huonekana Jumapili, tena mifupa mitupu. Halafu jongo kweli hupenda kuvamia usiku, lakini mara nyingi hubisha kwanza kwenye kidole gumba cha mguu, kikavimba na kuwaka moto hata shuka usitamani likiguse. Vidole vyangu vilikuwa vimelala fofofo.

Wifi yangu akasema ni uzito. Hilo siwezi kumbishia sana, maana kila kilo ya mwili, goti huibeba kama kilo nne unapotembea. Ila alivyonitazama kiunoni, hayo hayakuwa matibabu.

Mama mkwe naye akaleta mafuta ya nyonyo kwenye chupa ya soda. Miezi mitatu nimelichua goti mpaka likang'aa kama kipara.

Mwisho nikaenda kituo cha afya. Daktari, binti mdogo, akaniamkia shikamoo kabla sijakaa. Akalikunja goti, akalinyoosha, akalipapasa. Zima. Akanilaza ubavu, akabonyeza kwa kidole kimoja mfupa unaochomoza pembeni ya nyonga. Nilimwita mama yangu, naye yuko Singida.

"Mama, goti umelisingizia tu," akasema. "Mkosaji yuko hapa."

Akanieleza kwamba pale pana kano, na vifuko vidogo vya ute vinavyozuia msuguano na mfupa. Vikichokozwa, maumivu hushuka pajani hadi karibu na goti, na ukivilalia ndiyo unavikoroga kabisa. Kisha akaanza kunihoji. Unapanda ngazi? Ofisi iko ghorofa ya nne, na lifti iliharibika siku nyingi. Kwenye daladala unasimamaje? Mguu mmoja, nyonga nimeitoa nje. Unalalaje?

"Ubavu wa kulia."

"Kila siku?"

"Tangu niolewe."

"Mbona kulia tu, mama?"

Hapo nikatafuta maneno. Mume wangu hulala kushoto kwangu, na hukoroma kama mashine ya kusaga iliyokwama jiwe. Kumpa mgongo ndiko kulikoinusuru ndoa hii. Kumbe miaka 22 nyonga moja imekuwa ikilipia amani ya nyumba.

Binti akaniandikia mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyonga, akanikataza kukunja nne, akaniambia nilalie ubavu wa pili na mto katikati ya magoti. Akanionya pia: goti likivimba na kuwa la moto, homa ikipanda au nikianza kukonda bila sababu, nisingoje mafuta ya mkwe, nirudi haraka.

Sasa wiki ya tatu nalala ubavu wa kushoto, uso kwa uso na mashine ya kusaga. Nyonga inapoa kidogo kidogo. Goti limelala kabla yangu. Jana asubuhi mume wangu akatabasamu, akanisogezea kikombe cha chai.

"Mama watoto, naona siku hizi unanigeukia. Mapenzi yamerudi?"

Nikamwambia yamerudi, ila yamepitia nyongani.